Viza ya biashara, darasa la chekechea: kisa cha mwalimu wa Kitanzania Xi'an

Mwalimu wa kisa hiki hana jina, kwa sababu si mtu mmoja. Tumemjenga kutokana na makosa yanayowarudia walimu wa Afrika Mashariki wanaokwenda kufundisha China, tukamweka katika mji mmoja ili kila hatua ipate mahali pake. Sheria, adhabu na tarehe ni za kweli. Mishahara na kodi za nyumba ni za mfano, tumeziweka ili hesabu ionekane.

Ni mwanamke wa miaka 31 mwenye shahada ya ualimu, masomo ya Kiswahili na Jiografia, kutoka chuo kikuu cha Tanzania. Amefundisha sekondari miaka minne. Siku moja anapata ujumbe wa wakala, Mtanzania mwenzake anayeishi Guangzhou: chekechea ya binafsi mjini Xi'an inatafuta mwalimu wa Kiingereza, yuan 13,000 kwa mwezi, chumba bure. Anauliza habari za viza. Jibu linakuja kwa sauti: "Dada, we njoo na viza ya biashara, inatoka haraka. Ukishafika shule itakubadilishia."

Kila kilichoharibika baadaye kimo ndani ya jibu hilo.

Viza ya biashara, yaani aina ya M, ni ya mtu anayekwenda kukagua mzigo, kuhudhuria maonyesho, kusaini mikataba ya bidhaa. Haimruhusu mtu kulipwa mshahara na mwajiri wa China hata kwa siku moja. Anayekwenda kufanya kazi huingia kwa viza ya Z, na viza ya Z haitolewi ubalozini mpaka mwajiri awe amekwisha kupata, kwa jina la mwalimu huyo, taarifa ya kibali cha kazi kutoka mamlaka ya mji wake. Mwajiri ndiye anayetangulia. Wakala anayesema "njoo kwanza" amekugeuzia mpangilio, na mara nyingi ni kwa sababu mwajiri huyo hawezi kuipata taarifa hiyo.

Kubadilisha M kuwa kibali cha kazi ukiwa ndani ya nchi kupo kwa makundi machache, hasa wataalamu wa daraja la A. Tangu 1 Aprili 2017 wageni wanaofanya kazi China wamegawanywa katika madaraja matatu, A, B na C, na mwalimu wa kawaida huangukia B. Yeye hana budi kutoka, akaombe Z nje, aingie upya.

Halafu kuna somo lenyewe. Kanuni ya daraja B inasema mwalimu wa lugha, kwa kawaida, afundishe lugha yake ya asili, awe na shahada aliyoipata katika nchi ya lugha hiyo, na uzoefu wa miaka miwili wa kufundisha lugha. Kwa Kiingereza, pasipoti zinazopita bila mjadala ni za nchi kama Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda haimo, hata kama mwenye nayo amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza na anakiongea vizuri kuliko mwalimu mkuu wa chekechea hiyo. Inauma, nasi tunaona si haki, lakini afisa anayepokea maombi hasahihishi matamshi ya mtu. Anaangalia pasipoti na shahada.

Na chekechea nazo zimebanwa. Sheria ya Elimu ya Awali iliyoanza kutumika 1 Juni 2025 inazikataza kufundisha mtaala wa shule ya msingi. Kabla ya hapo, Julai 2021, serikali ilipiga marufuku biashara ya masomo ya ziada kwa masomo ya shule, na vituo vingi vya Kiingereza vikafungwa. Vilivyobaki pembeni ndivyo vinavyotafuta walimu kwa haraka na kwa njia za mkato.

Wiki saba

Anafika Oktoba kwa M ya siku 60. Usiku wa kwanza analala hotelini, na hoteli inamwandikisha polisi, kwa kuwa huo ni wajibu wake. Kesho yake shule inamhamishia kwenye chumba karibu na Yongningmen, lango la kusini la ukuta wa mji. Hapo ndipo kosa lake la kwanza, yeye mwenyewe, linapotokea bila kujua: anadhani uandikishaji wa hoteli unatosha.

Hautoshi. Sheria ya Usimamizi wa Kuingia na Kutoka, iliyoanza 1 Julai 2013, inamtaka mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe kituo cha polisi cha mtaa, paichusuo, ndani ya saa 24 tangu aingie kwenye makazi hayo. Ukihama unajiandikisha upya. Asiyefanya hivyo hupewa onyo, na anaweza kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Shule haimpeleki kituoni, kwani afisa atauliza mgeni huyu anafanya nini hapa, na viza ya biashara ndani ya chumba kilichokodiwa na chekechea haielezeki.

Anafundisha. Nyimbo, rangi, siku za wiki, madarasa matano kwa siku. Mshahara wa kwanza unatolewa taslimu kwenye bahasha. Wiki ya tano anaambiwa asije kazini kwa siku mbili, akae ndani, asifungue mlango. Wiki ya saba polisi wa mtaa wanakagua wapangaji jengo zima, wanabisha hodi, wanaomba pasipoti. Hana karatasi ya uandikishaji. Anapewa onyo na kutakiwa ajiandikishe siku hiyo hiyo, na ofisa anaandika jina la aliyekodi chumba.

Hapa lazima tuzitaje adhabu kama zilivyo, kwa sababu mawakala huzipunguza kwa maneno. Kufanya kazi bila kibali ni faini ya yuan 5,000 hadi 20,000. Kosa likiwa zito, ni kuzuiliwa siku 5 hadi 15 juu ya faini hiyo, na mtu anaweza kuondolewa nchini. Mwajiri hutozwa yuan 10,000 kwa kila mgeni, isizidi 100,000, na kipato haramu hutaifishwa. Anayemtafutia mgeni kazi isiyo halali, kama ni mtu binafsi, hutozwa yuan 5,000 kwa kila kichwa, isizidi 50,000. Ndiyo, wakala naye yumo, lakini yuko Guangzhou na namba yake haipatikani tena. Kuzidisha siku za viza ni adhabu nyingine peke yake: yuan 500 kwa siku, isizidi 10,000, au kuzuiliwa siku 5 hadi 15.

Uamuzi wake ndio unaomwokoa. Siku hiyo hiyo anaacha kazi, anajiandikisha kituoni, na siku ya 52, siku nane kabla M haijaisha, anapanda ndege kwa tiketi ya kujilipia. Mshahara wa siku za mwezi wa pili anauacha. Anaambiwa na wenzake ashitaki. Lakini mahakama za China hazitambui uhusiano wa ajira kati ya mwajiri na mgeni asiye na kibali, kwa hiyo kinga za sheria ya kazi, kuanzia fidia ya kuachishwa hadi bima, hazimhusu. Madai ya malipo ya jasho lake pekee yangeweza kusikilizwa, na ili ayadai ilibidi akiri mbele ya ofisi ya serikali kwamba alifanya kazi bila kibali. Akapiga hesabu, akaondoka. Sisi tungemshauri hivyo hivyo. Aliyetoka ndani ya muda, bila faini ya ajira na bila kuzidisha siku, anaweza kurudi kwa mlango wa mbele.

Njia iliyokuwepo tangu mwanzo

Mwalimu huyu alikuwa na kitu ambacho hakuna Mwingereza anayeweza kukiweka mezani: lugha yake ya asili ni Kiswahili, shahada yake imetoka nchi ya Kiswahili, na ni shahada ya ualimu. Kiswahili kimefundishwa vyuoni Beijing tangu miaka ya 1960, na vyuo vingine vya lugha za kigeni vimefuata. Kanuni ile ile iliyomfungia Kiingereza ndiyo inayombeba hapa. Tena mwenye shahada ya elimu, lugha au ualimu husamehewa sharti la miaka miwili ya uzoefu. Mlango mwingine ni wa mwalimu wa hisabati, fizikia au kompyuta anayefundisha somo hilo kwa Kiingereza: huyo si mwalimu wa lugha, hivyo haulizwi lugha ya asili, anaulizwa shahada na miaka miwili ya uzoefu katika fani yake.

Katika kisa chetu, miezi kadhaa baadaye chuo kikuu kimoja cha umma mjini Xi'an kinamkubali kufundisha Kiswahili kwa yuan 9,000 kwa mwezi. Pungufu ya yuan 4,000 kuliko chekechea, kwa karatasi. Sasa inaanza kazi ya nyaraka, na ndipo wengi wanapopoteza miezi.

Vinavyotakiwa ni pasipoti yenye muda wa kutosha, shahada iliyothibitishwa, hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu iliyothibitishwa pia na isiyozidi miezi sita, barua ya uzoefu, fomu ya afya, mkataba, na tafsiri za Kichina. Kuthibitisha, kwa Tanzania na Kenya, kumekuwa ni mlolongo wa hatua tatu: wakili mthibitishaji, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa China. China yenyewe iliingia katika Mkataba wa Apostille 7 Novemba 2023, na Burundi na Rwanda nazo ni wanachama, kwa hiyo Mrundi au Mnyarwanda anamalizia kwao kwa muhuri mmoja wa apostille. Shahada haina tarehe ya kuisha, basi ianze hiyo. Hati ya polisi ifuate mwishoni, kwani ukiianza mapema miezi sita itakwisha ukiwa bado unasubiri taarifa ya kibali.

Kinachokwamisha Waafrika Mashariki kuliko chochote ni majina. Shahada ina majina mawili na herufi moja katikati, pasipoti ina majina matatu kamili, barua ya uzoefu ina jina la ndoa. Nyumbani hakuna anayeshangaa. Mfumo wa China unalinganisha herufi kwa herufi na nafasi kwa nafasi. Tengeneza kiapo cha majina mbele ya wakili na ukithibitishe pamoja na shahada, kabla hujaombwa. Na kuanzia siku unayotua, andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, mpangilio ule ule, iwe ni laini ya simu, akaunti ya benki au tiketi ya treni. Laini ikisajiliwa majina mawili na benki majina matatu, Alipay na WeChat, programu za kulipia kwa simu, zitakataa kuunganisha kadi, na utazunguka kaunta tatu kutafuta kosa la nafasi moja tupu.

Barua ya uzoefu nayo iwe na tarehe ya kuanza na kuacha, cheo, somo, muhuri, sahihi na namba ya simu inayopokelewa. Wanapiga.

Saa 24, siku 15, siku 30

Akiingia kwa Z, mwalimu ana hesabu tatu za muda zinazokimbia kwa pamoja. Ndani ya saa 24, paichusuo. Ndani ya siku 15, mwajiri aombe kibali cha kazi chenyewe, maana ile taarifa ya awali ilikuwa ni ya kuombea viza tu. Tangu 1 Desemba 2024 kadi ya plastiki ya kibali haitolewi tena, kibali kimeunganishwa na kadi ya hifadhi ya jamii na hutazamwa kwa simu. Ndani ya siku 30, aombe kibali cha ukaazi idara ya uhamiaji ya polisi, na hicho ndicho kinachobandikwa kwenye pasipoti na kumruhusu kutoka na kuingia. Viza ya Z yenyewe ni ya kuingilia mara moja. Asiyeomba ukaazi kwa wakati anajikuta amezidisha siku, hata kama ana mkataba mkononi.

Kati ya hatua hizo kuna kipimo cha afya katika kituo cha afya ya wasafiri: damu, picha ya kifua, moyo, tumbo. Nenda asubuhi bila kula, na uchukue picha za pasipoti. Majibu huchukua siku kadhaa, kwa hiyo aliyekwenda wiki ya tatu amejibana. Uende wiki ya kwanza.

Ombi la ukaazi likishapokelewa, idara hukaa na pasipoti hadi siku 15, nawe unapewa stakabadhi. Kwa stakabadhi hiyo unaweza kupanda treni na kulala hotelini, lakini huwezi kutoka nchini. Msiba ukitokea nyumbani wiki hiyo, chuo ndicho kitakachokwenda kuomba. Ndiyo maana tunasema mtu ajuane na waiban, ofisi ya wageni ya chuo, kabla hajahitaji msaada wake. Pasipoti ikirudi na kibali kipya, rudi tena paichusuo.

Ndani ya ukuta au nje

Xi'an ndiyo Chang'an ya kale, mji mkuu wa enzi ya Tang. Ukuta uliopo leo ni wa enzi ya Ming, ulianza kujengwa 1370: mzunguko wa karibu kilomita 14, kimo cha mita 12, juu ni mpana kiasi cha kuendesha baiskeli. Mgeni hupenda kupanga ndani yake, karibu na Mnara wa Kengele wa 1384, na anayetoka Zanzibar au Mombasa huvutwa na mtaa wa Waislamu wa Kihui, Huimin Jie, ambako mbao za madukani zina neno qingzhen, yaani halali, na Msikiti Mkuu una mnara unaofanana na hekalu la Kichina. Chakula huko si tatizo: supu ya kondoo paomo huletwa na mkate mkavu ambao unaumega mwenyewe vipande vidogo kama punje za maharage kabla mpishi hajaumwagia mchuzi. Ukimega vipande vikubwa, vinabaki vikavu kati.

Tatizo ni mahali pa kazi. Vyuo vingi vina kampasi kubwa wilaya ya Chang'an, kusini kabisa, zaidi ya kilomita kumi kutoka kwenye ukuta. Njia ya 2 ya metro, iliyofunguliwa 2011, inapita karibu na Mnara wa Kengele hadi huko, lakini kipindi cha saa 2 asubuhi kinataka uwe umetoka nyumbani saa 12:30. Na nyumba za zamani ndani ya ukuta mara nyingi ni za ghorofa sita bila lifti.

Mwalimu wa kisa anapewa na chuo uchaguzi: chumba cha kampasi, au posho ya nyumba ya yuan 1,500. Anachukua posho, na hapo anakutana na desturi ya kodi: amana ya mwezi mmoja pamoja na miezi mitatu mbele. Chumba cha yuan 2,000 kinadai yuan 8,000 siku ya kwanza, na dalali naye ana chake. Mshahara wa kwanza haujaingia. Anayekuja bila akiba ya yuan 15,000 hivi achukue chumba cha kampasi kwa muhula mmoja.

Kabla ya kulipa, kuna maswali mawili ambayo hayangoji. La kwanza: mwenye nyumba, fangdong, atatoa nakala ya kitambulisho chake na hati ya umiliki ili ujiandikishe polisi? Wapo wanaokataa kwa kukwepa kodi ya mapato ya pango. Akikataa, ondoka, kwa bei yoyote ile. La pili: nuanqi imeunganishwa? Joto la mabomba hufunguliwa mji mzima 15 Novemba na kufungwa 15 Machi, na malipo yake hupigwa kwa mita za mraba. Mpangaji aliyepita akiwa amelikata, kulirudisha kunaombwa kabla ya msimu kuanza. Usiku wa Januari hapo hushuka chini ya sifuri. Aliyezoea Tanga, katika chumba kisicho na bomba la joto, hataumaliza muhula.

Kiasi gani kinabaki

Katika yuan 9,000, makato ya hifadhi ya jamii upande wa mfanyakazi ni asilimia 8 ya pensheni na asilimia 2 ya matibabu: yuan 900. Wageni wamo katika mfumo huo tangu 15 Oktoba 2011. Kodi ya mapato husamehe yuan 5,000 kwa mwezi, kwa hiyo kinachotozwa ni 9,000 − 900 − 5,000 = 3,100. Kwa mwaka mzima ni 37,200: zile 36,000 za kwanza kwa asilimia 3, sawa na 1,080, na 1,200 zilizobaki kwa asilimia 10, sawa na 120. Jumla yuan 1,200 kwa mwaka, wastani wa 100 kwa mwezi. Mkononi yuan 8,000, ukiweka kando tozo ndogo za bima ya ukosefu wa ajira. Fungu lake la pensheni anaweza kuomba alipwe anapoondoka nchini moja kwa moja.

Sasa linganisha na zile 13,000 za bahasha. Pesa za bahasha hazina cheti cha kodi, na bila mkataba na cheti cha kodi benki haitaibadilishia mishahara yako kuwa dola za kutuma nyumbani, isipokuwa kiasi cha dola 500 kwa siku ambacho mgeni anaruhusiwa bila uthibitisho. Mwenye mkataba na cheti anatuma mshahara wake wote halali kwa safari moja ya kaunta.

Uliza pia mkataba unalipa miezi mingapi. Miezi 12 ni yuan 108,000. Miezi 10, ambapo likizo ya kiangazi hailipwi, ni 90,000. Barua ya kwanza ya ofa huwa haisemi.

Darasani

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Wanafunzi 20, mwaka wa kwanza, wote wamejipa majina ya Kiswahili kabla hawajajua yana maana gani. Kosa la kwanza linasikika dakika ya kwanza: "Papa yangu ni daktari." Baba amekuwa samaki. Kichina cha Mandarin hakitofautishi b na p kwa mtetemo wa koo kama sisi, kinatofautisha kwa pumzi. Herufi b ya pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, ni p isiyo na pumzi, na mwanafunzi anasoma b yetu kwa mazoea hayo. Vivyo hivyo d na g: dada huwa tata, gari huwa kari. Kurudia "baba, baba" hakusaidii, kwani hasikii tofauti. Anzia kwenye mb, nd, ng. Mwambie aseme mbuzi na kidole kikiwa kooni: sauti ya m tayari inatetemesha koo, na b inabebwa humo humo. Akishazoea, afupishe m kidogo kidogo mpaka ibaki b. Wiki mbili za dakika tano kila kipindi hutosha kwa wengi.

Kwa ng' ya ng'ombe, mji wenyewe ni mwalimu. Waandike Chang'an ubaoni. Wanaitamka kila siku, na katika pinyin ina ritifaa pale pale. Waseme polepole, kisha waondoe "cha". Kinachobaki mdomoni ni ng'a, na kutoka ng'a hadi ng'aa, ng'ara na ng'ombe ni hatua fupi.

Kosa la pili ni la ngeli. Kichina hakina upatanisho wa kisarufi, ila kina liangci, maneno ya kuhesabia: vitabu huhesabiwa kwa ben, karatasi kwa zhang, mito ya maji kwa tiao. Yaani mwanafunzi tayari anajua kwamba nomino zina makundi na kundi halichaguliwi kwa mantiki tupu. Anzia hapo. Lakini uwaambie mapema daraja hilo linaishia wapi: liangci hutokea kwenye kuhesabu na kuonyesha, ngeli inakwenda kila mahali. "Kitabu changu kile kikubwa kimepotea": waipigie mstari mara tano. Kisha waigeuze wingi, vi- na vy- mara tano. Tukiwaonyesha sentensi nzima tangu wiki ya pili, huuliza maswali mazuri kuliko wakipewa jedwali la ngeli. Na a-wa huwapoza: ta ya kwao, yaani yeye, hutamkwa sawa kwa mwanamume na mwanamke, kama a- yetu.

Saa ndiyo inayowashinda muda mrefu. Mwalimu mgeni huwaeleza kwamba saa 1 ni saa moja baada ya jua kuchomoza. Lakini China nzima inatumia saa ya Beijing, na Xi'an iko magharibi: Desemba, saa 7:30 ya saa zao bado jua halijatoka. Wanafunzi wanamtazama mwalimu, wanatazama dirisha jeusi, wanaandika "saa saba asubuhi". Chora mbele yao siku ya Dar es Salaam, ambako machweo na macheo hayahami sana mwaka mzima, halafu watoe sita.

Kimya chao kisikutishe. Swali hadharani kwao ni kama kumwambia mwalimu hajaeleweka, kwa hiyo maswali huja WeChat saa 4 usiku. Wape dakika mbili wawili wawili kabla ya kujibu, utawasikia. Na shikamoo wafundishe pamoja na umri, la sivyo watamwamkia kila mtu, hata Mkenya wa miaka 19 kampasi ya pili.

Kifungu cha kutoka

Mwaka wa kwanza unakwisha, chuo kingine kinamtaka kwa mshahara bora. Kwa mkataba wa mwaka mmoja majaribio hayazidi miezi miwili, hayo yalishapita. Sasa anahitaji vitu viwili kutoka kwa mwajiri wa kwanza: barua ya kumwachia kazi, na uthibitisho kwamba kibali cha kazi kimefutwa. Bila hivyo mwajiri mpya hawezi kuingiza jina lake kwenye mfumo. Kibali kimefungwa kwa mwajiri, na hata kufundisha mwisho wa wiki mahali pengine, kwa somo lile lile, ni kufanya kazi nje ya kibali, kosa lenye faini ile ile ya chekechea.

Kwa hiyo siku ya kusaini, Septemba, alipaswa kuhakikisha mkataba unataja siku ambazo barua itatolewa tangu notisi, na kwamba nakala ya Kichina, ambayo ndiyo hutawala penye utata, ina kifungu hicho pia. Alikuwa amehakikisha. Alitoa notisi ya siku 30 kwa maandishi, akapewa barua wiki ya mwisho ya Juni, na ombi la mwajiri mpya likaingia wakati kibali chake cha ukaazi bado kina siku 40.